Bomas, Dodoma, Kampala: tuandikie katiba katika ukumbi upi?

Aprili 16, 2014, Profesa Ibrahim Lipumba alizungumza katika Bunge Maalum la Katiba, Dodoma, kisha yeye na wenzake wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakainuka na kutoka nje. Hawakurudi. Miaka kumi kabla yake, Machi 2004, mambo yalikuwa kinyume. Katika ukumbi wa Bomas, Lang'ata, Nairobi, waliotoka walikuwa mawaziri na wenzao wa upande wa serikali. Huku na huku waliobaki walipiga kura, wakashangilia, wakapitisha rasimu, na huku na huku rasimu ile haikupata kuwa katiba.

Ndiyo maana ninapoulizwa kuhusu katiba mpya sianzi na serikali mbili au tatu za Muungano wa Tanzania, wala madaraka ya Rais. Naanza na ukumbi: nani anakaa humo, nani anashika kalamu mwishoni, na wakishindwa kuelewana ni kitu gani kinabaki mezani. Hilo la mwisho watu hulipita haraka, lakini kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha nchi zilizofika na zilizokwama.

Njia zinazozungumzwa sana kwetu ni tano. Ya kwanza ni mkutano wa kitaifa, kama ule wa Bomas. Ya pili ni bunge maalum linaloundwa na wabunge waliopo pamoja na wateule, kama la Dodoma. Ya tatu ni bunge maalum ambalo wajumbe wake wamechaguliwa na wananchi kwa kazi hiyo, kama Uganda mwaka 1994 au Afrika Kusini. Ya nne ni kamati ndogo ya wataalamu, ambayo Kenya iliikimbilia baada ya kuungua. Ya tano ni ile tuliyoizoea wote, bunge la kawaida kuweka viraka.

Nani anaingia

Bomas iliingiza kila mtu, na nasema hivyo kwa heshima na kwa wasiwasi pia. Wajumbe walikuwa 629: wabunge wote, wajumbe watatu kutoka kila wilaya, vyama vya siasa, dini, wanawake, vyama vya wafanyakazi, asasi. Walikaa katika ukumbi wa mviringo uliojengwa kwa ajili ya ngoma za asili, na mwenyekiti alikuwa Profesa Yash Pal Ghai, mtu ambaye hapo mwanzo aligoma kuapa mpaka mchakato wa serikali na ule wa viongozi wa dini na asasi, Ufungamano, uunganishwe kuwa mmoja. Makamishna wa tume yake walikaa ndani bila kura. Walikuwepo kueleza kwa nini ibara fulani imeandikwa hivi na si vile.

Faida yake ni kwamba mama wa Turkana na profesa wa Nairobi walikaa benchi moja. Hasara yake ni kwamba wabunge, ambao ndio wangeathirika na kila kilichoandikwa, nao walikuwa humo, na wanajua kanuni za vikao kuliko mtu yeyote. Mjadala ulianza Aprili 2003 ukaisha Machi 2004. Katikati, Septemba 2003, Dk. Crispin Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi, alipigwa risasi nyumbani kwake. (Nasi tulipata msiba wetu: Novemba 2013 Dk. Sengondo Mvungi wa Tume ya Warioba, iliyoandika rasimu ya katiba ya Tanzania, alifariki baada ya kuvamiwa na majambazi nyumbani kwake. Sisemi visa hivi vinafanana kwa chanzo. Nasema tu kwamba hakuna anayevikumbuka michakato hii bila kuwakumbuka watu hao.)

Dodoma ilichukua njia rahisi zaidi. Ilichukua wabunge wote wa Muungano, wawakilishi wote wa Zanzibar, na kuongeza wajumbe 201 walioteuliwa na Rais kutoka makundi mbalimbali. Piga hesabu mwenyewe: wanasiasa waliokwisha kuwa na viti walikuwa zaidi ya nusu kabla hata mkulima wa kwanza hajaapishwa. Halafu chama kimoja kilikuwa na wingi katika mabunge yote mawili. Jambo la kwanza lililotufikia mitaani kutoka ukumbini lilikuwa posho, shilingi 300,000 kwa siku, ambayo baadhi ya wajumbe walisema haitoshi. Nilikuwa kwenye daladala redio ilipotangaza hilo. Kondakta hakusema kitu, alicheka tu, na abiria wote wakacheka naye. Sidhani kama Bunge lile lilipona na kicheko kile.

Uganda ilifanya tofauti. Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilikusanya maoni kwa miaka kadhaa, kisha Machi 1994 wananchi wakapiga kura kuchagua wajumbe wa kuipitia rasimu. Jumla walikuwa 284, na 214 kati yao walitoka moja kwa moja majimboni. Mjumbe alisimama mbele ya wapiga kura akasema, nichague nikaandike katiba. Waliobaki waliingia kwa makundi, jeshi likiwemo, na vyama havikuruhusiwa kufanya kampeni, kwa hiyo usiione kama pepo. Lakini mjumbe alijua aliyemtuma ni nani.

Kamati ya Wataalamu ya Kenya, chini ya wakili Nzamba Kitonga, ilikuwa na watu tisa wenye kura: Wakenya sita na wageni watatu, kutoka Uganda, Zambia na Afrika Kusini. Watu tisa wanaenea katika Noah moja na nafasi ya mizigo ikabaki. Hakuna aliyewachagua, na hilo ndilo doa lao. Ila hawakuanza na karatasi tupu. Walikuwa na rasimu ya Bomas, walikuwa na ile iliyokataliwa kwenye kura ya maoni ya 2005, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kutenganisha yaliyokwisha kukubaliwa na yanayobishaniwa. Kazi hiyo ukumbi wa watu 600 hauiwezi.

Wakishindwa kuelewana, kinabaki nini?

Tuseme ibara moja imebishaniwa wiki tatu na hakuna upande wenye kura za kutosha. Inakuwaje?

Kenya, kwa sheria ya mwaka 2008, jibu lilikuwa: rasimu inabaki kama ilivyo. Bunge lilitaka asilimia 65 ya wabunge wote, yaani kura 145, ili kubadilisha hata koma. Wabunge walileta mapendekezo kama 150. Hakuna hata moja lililofika. Aprili 1, 2010, siku ya wajinga, rasimu ikapita nzima kama ilivyoingia, na wapo waliodhani ni mzaha. Ukiangalia vizuri, kikwazo kiliwekwa mbele ya anayetaka kuharibu. Anayetaka kupitisha hakuwekewa kitu.

Usidhani wanasiasa hawakupata nafasi yao. Walipata, Naivasha, Januari ile ile, ambako kamati ya wabunge iliondoa mfumo wa waziri mkuu ikarudisha wa urais. Wataalamu waliupokea uamuzi huo. Ulikuwa mwafaka wa pande zote mbili zilizokuwa zimegawana serikali baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa katika vurugu za 2007 na 2008. Kila upande uliogopa kurudi kule. Hofu ile ilifanya kazi ambayo kanuni peke yake isingefanya, na anayetaka kuinakili njia ya Kenya aikumbuke.

Afrika Kusini waliandika ngazi nzima. Kwanza vyama vilikubaliana kanuni 34 ambazo katiba yoyote itakayokuja lazima izitii. Kisha Bunge la Katiba la wajumbe 490, lililotokana na uchaguzi wa 1994 na kuongozwa na Cyril Ramaphosa, likapewa miaka miwili. Theluthi mbili zikikosekana, jopo la wataalamu. Jopo likishindwa, kura ya maoni inayohitaji asilimia 60. Nayo ikigoma, bunge linavunjwa, mnarudi kwenye uchaguzi. Hakuna mbunge anayependa kurudi kwenye uchaguzi, kwa hiyo walielewana Mei 1996. Hata hapo Mahakama ya Katiba iliirudisha rasimu Septemba kwa sababu baadhi ya vifungu vilikiuka zile kanuni 34. Wakarekebisha, ikathibitishwa Desemba, na Mandela akaisaini Sharpeville Desemba 10.

Sasa rudi Dodoma. Kila ibara ilihitaji theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar. Sharti zuri, na kwa Muungano wetu ni la lazima. Tatizo ni kwamba sharti lile lilihusu kupitisha tu. Halikuilinda rasimu iliyoletwa na Tume. Jaji Warioba aliiwasilisha Machi 18, 2014, siku tatu baadaye Rais Kikwete akalihutubia Bunge na kueleza kasoro za serikali tatu zilizopendekezwa na rasimu, na Tume yenyewe ikavunjwa. Walioandika hawakuwepo tena kujibu. Pale Bomas makamishna walikaa hadi mwisho, na mwaka 2010 wale tisa wa Kitonga walizunguka nchi kuielimisha hadi siku ya kura. Wazee wetu, Warioba, Salim Ahmed Salim, Butiku, walibaki kuitetea rasimu yao kwenye makongamano kama raia wa kawaida.

Na ikishindikana kabisa? Katiba ya 1977 inaendelea. Kwa upande wenye serikali hiyo haikuwa adhabu hata kidogo.

Wiki nyingi ziliishia kwenye swali la kura ya wazi au ya siri. Mwishowe wakakubaliana kila mjumbe achague mwenyewe. Wakati wa kupiga kura, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alichagua ya wazi. Alitaja ibara alizozikataa, moja baada ya nyingine. Siku chache baadaye hakuwa tena Mwanasheria Mkuu. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Oktoba 2, 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika. Imebaki pale.

Kwa wasomaji wa Congo, nyinyi mnayo historia kubwa kuliko zetu zote. Mkutano wa Kitaifa wa Kinshasa, Agosti 1991 hadi Desemba 1992, ulikuwa na wajumbe zaidi ya 2,000 chini ya Askofu Mkuu Monsengwo, ukamchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Mobutu alibaki na jeshi na benki kuu, na rasimu haikufika kwa wapiga kura. Benin walifanya mkutano kama huo Februari 1990 kwa siku kumi hivi tu, ukajitangaza kuwa na mamlaka kamili, na Rais Kérékou akakubali. Mwaka haukuisha kabla ya kura ya maoni. Jina la mkutano ni lile lile. Tofauti ni mwenye bunduki alikubali nini siku ya kwanza.

Kura ya maoni

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu kura ya maoni husifiwa kupita kiasi. Afrika Kusini na Uganda hawakuipiga kwa ajili ya katiba zao za 1996 na 1995. Kenya waliipiga mara mbili. Novemba 2005 ilikuwa ndizi kwa Ndiyo na chungwa kwa Hapana. Chungwa lilishinda kwa asilimia 58 hivi, kwa sababu watu waliona rasimu ya Bomas imekarabatiwa bungeni kinyume na walichokubaliana. Agosti 4, 2010 Ndiyo ilipata zaidi ya theluthi mbili. Ile ya kwanza haikuleta katiba, ila iliwafundisha wanasiasa kwamba wananchi wanaweza kusema hapana, na nadhani bila chungwa la 2005 wabunge wa 2010 wasingekuwa wapole.

Zanzibar nao, Julai 31, 2010, siku nne kabla ya Wakenya, walipiga kura ya swali moja tu: mnataka serikali ya umoja wa kitaifa au hamtaki? Asilimia 66 hivi walitaka. Swali moja, jibu moja. Kulinganisha na hilo, kumpa mtu kitabu cha ibara karibu 300 na kumwambia aseme ndiyo au hapana kwa vyote kwa pamoja ni mtihani mgumu.

Na siku ya kuibadilisha?

Unaweza kupata ukumbi mzuri na katiba nzuri, kisha ukaacha mlango wa nyuma wazi. Uganda ndio mfano. Wajumbe wale wa 1994 waliandika ukomo wa vipindi viwili vya urais na umri wa mwisho miaka 75. Hawakuviweka katika orodha ya mambo yanayohitaji kura ya maoni. Mwaka 2005 Bunge likaondoa ukomo wa vipindi. Mwaka 2017 likaondoa umri, baada ya ngumi na viti kurushwa, na watu wa usalama kuingia ukumbini kuwatoa wabunge. Kazi ya miaka saba ikafunguliwa kwa theluthi mbili.

Kenya walikuwa wamejifunza. Ibara ya 255 inataja mambo ambayo hayaguswi bila kura ya maoni, muhula wa Rais ukiwemo, na lazima asilimia 20 ya wapiga kura wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti 47. Raia wa kawaida naye ana njia yake: sahihi milioni moja, kisha mabunge ya kaunti. BBI, mpango wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kuibadilisha Katiba, ilipita humo humo, ikapata sahihi, ikapita kaunti zaidi ya 40, wafuasi wake wakiimba kwamba reggae haizimiki. Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikasema njia ile ni ya wananchi, Rais hawezi kuianzisha. Wapo wanaolalamika kwamba kufuli limekuwa gumu mno. Mimi naona lilifanya kazi iliyowekewa.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 98 inataka theluthi mbili za wabunge wote, na kwa mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa, theluthi mbili za Bara na theluthi mbili za Zanzibar. Kura ya maoni haimo. Kufikia 2005 Katiba ilikuwa imeshabadilishwa mara 14. Lakini nisiwe mchoyo wa sifa: Haki za Binadamu ziliingia kwa kiraka cha 1984, na vyama vingi kwa kiraka cha 1992, wakati Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, iliripoti kwamba karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Kwa hiyo viraka si takataka. Vinategemea tu nia ya mwenye sindano.

Nikiambiwa nichague

Kama nchi imetoka vitani au kwenye vurugu, na pande mbili zinaogopana sawasawa, chukua njia ya Kenya ya 2010: wataalamu wachache, rasimu za zamani mezani, bunge liwekewe kizingiti kirefu cha kuharibu. Ni ya haraka na nafuu.

Kama vyama vina nguvu zinazokaribiana, Afrika Kusini: kanuni kwanza, maandishi baadaye, mahakama ikague.

Mkutano wa mtindo wa Bomas ningeuchagua kwa kazi moja tu, ya kusikilizana. Usipewe kuandika ibara.

Kwa Tanzania, ambako chama kimoja kina wingi na Muungano una pande mbili zisizolingana ukubwa, ningechukua bunge la kuchaguliwa la Uganda na kulirekebisha. Mbunge au mwakilishi anayetaka kuingia aachie kwanza kiti chake. Tume iliyoandika rasimu ibaki ukumbini bila kura hadi wananchi wapige kura. Ibara ya rasimu ibaki kama ilivyo mpaka theluthi mbili za kila upande wa Muungano zikubali kuibadilisha, yaani sharti la Dodoma ligeuzwe lilinde badala ya kubomoa. Swali la idadi ya serikali liulizwe peke yake, mapema, kama Zanzibar walivyoulizwa 2010, ili lisizame na mengine yote.

Njia hii ina tundu, na ni kubwa. Wajumbe watachaguliwa chini ya tume ipi ya uchaguzi, wakati tume yenyewe ni sehemu ya ugomvi? Ndiyo maana wapo wanaosema tuanze na mabadiliko madogo. Nakubaliana nao, ila tumeshapita hapo. Septemba 2014 vyama vya siasa vilivyo katika Kituo cha Demokrasia Tanzania vilikutana na Rais Kikwete, vikakubaliana kwamba kabla ya uchaguzi wa 2015 Katiba ya 1977 irekebishwe katika mambo machache: tume huru ya uchaguzi, mgombea binafsi, Rais ashinde kwa zaidi ya nusu ya kura, na matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani. Ibara ya 41(7) bado inasema kwamba mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza uchaguzi wake.